Kumwongezea Mwenzako Moja



Liko swali ambalo kwa nje laonekana kuwa la askari peke yao, lakini ukilichungua utaona lawahusu wote waliopewa kazi ya kuwapima wenzao. Swali lenyewe ni hili: Msimamizi wa mtihani akimwongezea mtu kidogo kwa kumhurumia, je, ametenda wema au amedanganya?

Tuchukue mfano wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Tangu mwaka 1980, kwa muda wa miaka arobaini hivi, askari wa jeshi hilo walipimwa ukakamavu kwa mambo matatu: kupiga pushapu kwa dakika 2, kulala chali na kuinuka kwa dakika 2, kisha kukimbia maili 2. Katika miaka ya mwisho ya mtihani huo, kijana wa kiume wa umri wa miaka 17 hadi 21 alitakiwa apige pushapu zisizopungua 42, ainuke mara 53, na amalize mbio kwa dakika 15 na sekunde 54. Mtihani wa sasa, ulioanza Juni 2025, una sehemu tano, na baadhi yake ni mpya kabisa. Lakini jambo moja halikubadilika: karibu na kila askari anayepimwa yuko mwenzake mwenye kuhesabu.

Kazi ya huyo mwenye kuhesabu ni rahisi kuieleza, bali ni ngumu kuitenda. Katika mtihani ule wa zamani alihesabu kwa sauti. Pushapu iliyokuwa sawasawa aliihesabu. Ile ambayo askari hakushuka mpaka mikono yake, kuanzia begani hadi kiwikoni, ikawa sambamba na ardhi, haikuhesabiwa. Msimamizi alirudia namba ile ile. Askari aliyesikia "arobaini, arobaini, arobaini" alijua kwamba nguvu zake zapotea bure.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Askari amefikisha 41. Mikono yatetemeka, na saa yakaribia kwisha. Ajikaza mara moja tena, lakini hashuki ipasavyo. Naye ni rafiki yako, mtu mwema, mwenye mke na watoto. Akishindwa, kwa kawaida hatapandishwa cheo wala kupelekwa kozi mpaka afaulu. Akizidi kushindwa, aweza kuondolewa jeshini. Ni moja tu! Nani atadhurika ukisema "arobaini na mbili"?

Wako wanaotetea jambo hili, na hoja zao si za kipuuzi. Wasema kwamba vita havipigwi kwa pushapu, na kwamba fundi hodari wa redio asipotezwe kwa ajili ya namba moja. Tena wasema kwamba 42 si namba iliyoshuka mbinguni. Iliwekwa na watu, nao watu waweza kukosea. Hayo ni kweli. Lakini kipimo kikiwa kibaya, wenye mamlaka na wakibadilishe waziwazi, kama walivyokwisha kufanya. Msimamizi hakupewa kazi ya kuweka kipimo. Amepewa kazi ya kusema alichokiona.

Kwanza, akitoacho si chake. Mwenye duka akikuongezea konzi ya mchele kutoka gunia lake, huo ni ukarimu. Mtumishi wa duka akikuongezea kwa siri kutoka gunia la tajiri wake, huo ni wizi, hata akiwa na moyo mwema namna gani. Ile pushapu moja ni mali ya wale watakaokwenda na askari huyo mahali pa hatari, ambao hawapo kiwanjani kuulizwa. Katika mtihani wa sasa iko sehemu ambapo askari huburuta mzigo wa ratili 90, kazi inayofanana na kumtoa majeruhi penye risasi. Ukimpasisha asiyeweza kuburuta, atakayelipa deni ni yule majeruhi.

Pili, huruma ya namna hii haina macho mawili. Humwona rafiki, isimwone mgeni. Sajini anayemhesabia kapteni wake huona pushapu nzuri mahali pasipo na pushapu. Askari wawili wamefikisha 41. Mmoja apita, mwingine aanguka, na tofauti yao ni kujuana tu. Hapo huruma imekwisha kuwa upendeleo. Na yule anayemnyima adui yake pushapu iliyo halali ni ndugu yake huyu anayeongeza. Wote wawili wamesema uongo.

Tatu, ulimi huzoea. Mwaka 2015 Leonard Wong na Stephen Gerras, wa chuo cha vita cha jeshi hilo hilo, walitoa taarifa juu ya uongo miongoni mwa maofisa. Walieleza kwamba maofisa hutwishwa masharti mengi kuliko wakati walio nao, kwa hiyo hutia sahihi mambo ambayo hayakufanyika, na mwisho dhamiri hufa ganzi. Tena hao si watu waovu. Ni watu wenye heshima, waliozoea kidogo kidogo.

Je, basi tusiwe na huruma? La hasha! Huruma ina mahali pake, napo si katika kuhesabu. Jeshi hilo lenyewe limeiwekea nafasi. Aliyeumia huenda na cheti cha daktari, naye aweza kutembea maili 2 na nusu badala ya kukimbia. Tangu mwaka 2022, mwanamke aliyejifungua hapimwi mtihani wa kuandikwa mpaka zipite siku 365. Aliyeshindwa hupewa nafasi ya kurudia. Huruma hizi zatendeka mchana kweupe, na kila anayestahili aweza kuzipata.

Tena iko huruma ya rafiki. Aliyesema "arobaini na moja" kwa uchungu aweza kuamka kesho alfajiri akafanye mazoezi pamoja na mwenzake, na keshokutwa vilevile, mpaka siku ya kurudia. Kusema uongo hakukumgharimu kitu. Kuamka huku kutamgharimu usingizi wake. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wewe usahihishaye mitihani, upimaye pamba kwenye mizani, uandikaye barua ya kumsifu mtu apate kazi: utakapoona mkono wako wataka kuongeza, jiulize kwanza, ni nani asiyekuwapo hapa atakayelipa? Kisha sema namba iliyo ya kweli, ukae karibu na mwenzako baada ya kuisema.