Nani Atangulie Kwenda?



Wapendwa, wiki hii tumesoma tena Mathayo 5:23-24, kuhusu kuiacha sadaka altareni na kwenda kwanza kupatana na ndugu. Hatukuweza kupita hapo bila kuwafikiria wenzetu ambao tangu Pasaka wanakutana peke yao upande wa pili wa mji. Tuanze mbali kidogo, maana Kanisa limewahi kupita njia hii.

Mwaka 1378 Papa Gregori wa Kumi na Moja alifariki Roma, muda mfupi baada ya kurudisha makao ya Papa kutoka Avignon. Umati ukapiga kelele nje ukitaka Mroma, au angalau Mwitalia. Makardinali wakamchagua Askofu Mkuu wa Bari, akawa Urbano wa Sita. Urbano alikuwa na haki ya kukemea anasa zao, ila aliwakemea kwa matusi, mbele ya watu. Kufikia Septemba makardinali wale wale wakadai kuwa walimchagua kwa hofu, wakamsimika Klementi wa Saba, aliyehamia Avignon. Ufaransa na Uskoti zikamfuata. Uingereza ikabaki na Roma.

Msidhani wema wote walikuwa upande mmoja. Mtakatifu Katerina wa Siena alimtetea Urbano mpaka alipofariki mwaka 1380. Mtakatifu Vinsenti Ferrer alikuwa wa Avignon kwa miaka mingi. Leo tunawaomba wote wawili watuombee.

Linalotuchoma sisi ni la mwaka 1407. Gregori wa Kumi na Mbili wa Roma na Benedikto wa Kumi na Tatu wa Avignon, kila mmoja aliahidi kujiuzulu mwenzake akijiuzulu. Wakapanga kukutana Savona. Benedikto alifika, Gregori hakufika. Mwanzoni mwa 1408 mmoja alikuwa Lucca na mwingine Portovenere, si mbali hata kidogo. Wajumbe walikwenda na kurudi. Wao wenyewe hawakuonana. Mwaka 1409 makardinali waliokusanyika Pisa wakachagua Papa mwingine, wale wawili wakakataa kuondoka, wakawa watatu. Sisi wauguzi tunakijua kidonda cha namna hiyo, kilichofungwa bila kusafishwa.

Hatimaye, kwenye Mtaguso wa Konstanz, Julai 1415, Gregori alijiuzulu. Ndiye ambaye Kanisa linamhesabu leo kuwa Papa halali, naye ndiye aliyeachia. Benedikto alijifungia katika ngome ya Peñíscola, akafa mwaka 1423 akisisitiza kuwa Papa ni yeye. Wakati huo Martino wa Tano, aliyechaguliwa Novemba 1417, alikuwa ameshakubalika karibu kila mahali.

Tuliokuwepo kwenye kikao kile cha michango ya msiba tunajua hesabu zetu zilikuwa sahihi. Tunajua pia tulivyozisema, na mbele ya nani. Tangu hapo ujumbe unapita kwenye simu, na kila upande unamwambia mwenzake, "Karibuni kwetu."

Basi Jumapili ijayo tutakwenda sisi. Daftari la michango litabaki kabatini. Akina mama wameahidi pilau na kachumbari. Tutaondoka saa nane mchana kutoka maegesho ya kanisa. Mwenye nafasi kwenye gari amwambie kiongozi yeyote wa jumuiya kabla ya Ijumaa. Watoto waje pia. Wa kwetu wanauliza kila wiki wenzao wa katekesi wamekwenda wapi.