Jina la Kuazima: Mzee Ojwang', Benson Wanjau na Deni la Kicheko

Benson Wanjau alifariki katika Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Walioomboleza, hata hivyo, walimwomboleza Mzee Ojwang'. Jina alilopewa na wazazi wake lilitajwa kama maelezo ya pembeni, mfano wa tanbihi inayofafanua neno gumu. Katika nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Viktoria kulikuwa na mshangao juu ya msiba: kumbe mzee yule, ambaye kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa ametamka Kiswahili kama kinavyotamkwa na wazee wa Kisumu, Ahero na Bondo, hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu.

Makala haya yanauchukulia mshangao huo kuwa swali la kimaadili. Mtu anapoazima jina na lafudhi ya jamii isiyo yake ili achekeshe, anadaiwa nini na jamii hiyo? Na jamii iliyocheka inadaiwa nini naye? Swali la pili aghalabu huachwa, kwa kuwa uhakiki wetu umezoea kumhukumu msanii na kumsamehe hadhira.

Yafaa kwanza kukumbuka mazingira ambamo mhusika huyu alikulia. Hadi mwaka 1990, ilipoanzishwa KTN, Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, kile kilichojulikana kama Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989 kilipolirudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani havikuwa na mshindani. Televisheni zenyewe zilikuwa chache, na mwenye nayo alikuwa na majirani wengi jioni kuliko mchana. Katika hali hiyo mwigizaji hakuwa mmoja kati ya mamia. Alikuwa mgeni wa taifa zima, na namna alivyosema ikawa namna ambavyo kabila fulani lilidhaniwa kusema. Ojwang' Hatari aliwakilisha Wajaluo, Masanduku arap Simiti akawakilisha Wakalenjin, Makokha Waluhya. Majina yalikuwa vitambulisho. Mtazamaji alijua acheke vipi kabla mhusika hajafungua kinywa.

Hapa ndipo penye tuhuma nzito dhidi ya sanaa hii, na haifai kuikwepa kwa sababu tu tunampenda marehemu. Aristotle, katika Ushairi wake, aliona kwamba kichekesho huiga watu duni kuliko wa kawaida, na kwamba la kuchekesha ni kasoro isiyoleta maumivu. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, aliongeza kuwa anayecheka hana budi kuutia moyo wake ganzi kwa muda. Tukiyachukua maneno ya hao wawili kama yalivyo, basi lafudhi ya Ojwang' ni kasoro, na Mkenya aliyecheka aliwatilia ganzi Wajaluo. Dholuo haina sauti sh, wala z, wala v. Kwa hiyo shida huwa sida, zawadi huwa sawadi, vitu huwa fitu. Hakuna upungufu wowote katika jambo hilo. Ni mfumo wa lugha moja kukutana na mfumo wa nyingine, kama vile msemaji wa Kikuyu, ambaye lugha yake haina l, anavyolala kwa kurara. Ila anayesema sida mbele ya mwajiri, mwalimu au askari hajaambiwa kamwe kwamba ana mfumo. Ameambiwa kwamba hajui Kiswahili.

Wanjau alijua, bila shaka, kwamba jamii yake pia ina alama yake ulimini inayochekwa. Sauti sh haikuwa ngeni kwake, ilimbidi aiache. Alitoka katika lafudhi moja inayodhihakiwa akaingia katika nyingine, na safari hiyo aliifanya kwa ustadi kiasi kwamba wenye lafudhi yao hawakumtambua kuwa mpitaji. Masikio ya wenyeji ni mahakama kali. Mwigizaji anayeiga kwa dharau hukomea kwenye sauti mbili tatu zinazojulikana na kila mtu, akazirudia kupita kiasi. Hasikilizi zaidi kwa sababu hahitaji. Kuudanganya mwambao mzima wa ziwa kunataka usikivu wa miaka, pamoja na kiimbo, kusita, na namna mzee anavyovuta silabi ya mwisho anapotaka asibishiwe. Usikivu wa kiwango hicho ni aina ya heshima, hata pale ambapo mwenye kuutoa hakukusudia kuheshimu.

Lakini ustadi hautoshi kumwondolea mtu lawama. Mwizi hodari bado ni mwizi. Kinachoamua ni kile ambacho mhusika amepewa kufanya. Linganisha vipindi viwili hivi. Katika Vioja Mahakamani, lafudhi husimamishwa kizimbani. Hakimu husema Kiswahili kisicho na asili ya mahali popote. Mshtakiwa na shahidi ndio wenye makabila ulimini. Mpangilio wenyewe wa jukwaa unafundisha, hata kama waandishi hawakukusudia, kwamba mamlaka haina lafudhi na kwamba mwenye lafudhi yuko mbele ya mamlaka kujieleza. Vitimbi, kwa jumla, ni ulimwengu wa nyumbani na mtaani. Ojwang' hubishana na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na katika ubishi huo hakuna msemaji sanifu anayesimama juu yao kuwasahihisha. Ojwang' anashindwa kwa sababu ya hila fupi, tamaa, majivuno na ulimi unaotangulia akili; hashindwi kwa kuwa amesema sida. Ukimvua lafudhi na kumvika nyingine, kisa kinabaki. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mhusika ambaye lafudhi ndiyo mzaha wake na mhusika ambaye lafudhi ndiyo makao ya mzaha wake. Ojwang', katika sehemu bora za kazi ya Wanjau, ni wa aina ya pili. Katika sehemu dhaifu, na zilikuwapo, hasa pale hati ilipokosa kisa na mwigizaji akaachiwa alijaze pengo kwa kinywa chake, alirudi kuwa wa aina ya kwanza.

Kuna taasisi ya kale katika Afrika Mashariki inayoweza kutusaidia kulipima deni hili vizuri kuliko Aristotle. Ni utani. Baina ya makabila yenye utani, kama Wazaramo na Wanyamwezi katika Tanzania, mtu ana ruhusa ya kumdhihaki mwenzake kwa maneno ambayo kwa mgeni yangekuwa matusi. Ruhusa hiyo ina masharti mawili. La kwanza, ni ya pande zote: anayetania leo atataniwa kesho. La pili hukumbukwa mara chache na wale wanaosifu utani kwenye hotuba. Mtani ana wajibu msibani. Ndiye anayefika mapema, anayeshika jembe la kaburi, anayevunja kilio kwa mzaha wakati wafiwa hawawezi. Haki ya kucheka imefungwa kwenye wajibu wa kuzika.

Baina ya Wajaluo na Wakikuyu utani wa namna hiyo haukuwapo. Kilichokuwapo ni historia ya siasa: kutengana kwa Jaramogi Oginga Odinga na Jomo Kenyatta mwaka 1966, kuuawa kwa Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, na risasi zilizofyatuliwa Kisumu tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo wakati Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Televisheni ya serikali ilibuni kitu kilichofanana na utani juu ya ardhi hiyo, bila kuwauliza wahusika na bila masharti. Sharti la kwanza ililitimiza kwa kiasi, maana katika vipindi hivi hakuna kabila kubwa lililosazwa. Sharti la pili haikulijua.

Ndiyo sababu inafaa kuwa na tahadhari na sifa iliyozoeleka kumpamba marehemu, kwamba Mkikuyu kuigiza Mjaluo kulikuwa somo la umoja wa taifa. Sifa hiyo ni rahisi mno. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vurugu zilizochukua maisha ya watu 1,133, kwa hesabu ya Tume ya Waki, ziliifikia Kisumu kwa nguvu. Kondele, kwenye barabara inayopanda kuelekea Mamboleo, ilijulikana nchi nzima kwa moto na risasi. Wapo waliouawa na polisi, na wapo waliofukuzwa makwao kwa sababu ya majina yao. Miaka hiyo Vitimbi ilikuwa imekwisha kuchekwa kwa zaidi ya miongo miwili. Mtu mwenye jina kama Wanjau hangeweza kulala Kondele kwa amani wiki hizo, ilhali jina Ojwang' lilikuwa na pahala katika kila nyumba. Kicheko hakikumlinda yeyote. Kuking'ang'aniza kuwa kilijenga umoja ni kukitwika mzigo ambao vyama, mahakama na makanisa yalishindwa kuubeba, kisha kukisahau.

Tunachoweza kudai ni kidogo zaidi, lakini ni cha kweli. Wanjau alionyesha kwamba kile tunachokiita ukabila wa sauti kinaweza kujifunzwa. Ikiwa Ujaluo wa Ojwang' uliwatosheleza Wajaluo wenyewe, basi ile hoja iliyotumika vizuizini mwaka 2008, ya kumtaka mtu aseme neno ili ajulikane ni nani, ina kasoro katika msingi wake. Waefraimu wa Biblia waliuawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka sh. Mwigizaji huyu aliiacha sauti hiyohiyo kwa hiari, kila alipoingia kazini, akapita. Funzo hilo hapendi kulisikia mtu anayeamini kwamba damu huonekana mdomoni, na pengine ndilo lililosababisha mshangao wa mwaka 2015 uwe na chembe ya fedheha.

Tukubali pia kwamba kumkumbuka Ojwang' peke yake ni kumnyima Wanjau ujira wake. Denis Diderot alishikilia kwamba mwigizaji mkuu hahisi anachokiigiza. Ana baridi ya fundi. Hadhira haipendi kuliwazia jambo hilo, kwa kuwa linamaanisha kwamba mzee tuliyempenda alikuwa kazi ya mtu mwingine ambaye hatukumjua. Mzee huyo mwingine alizeeka bila mali. Macho yake yalipofifia, miaka michache kabla ya kifo, Wakenya walichanga fedha ili afanyiwe upasuaji. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli. Hata hivyo ulitolewa kwa Ojwang', na aliyeupokea alikuwa Wanjau. Sadaka iliingia mahali ambapo mshahara na mirabaha ndivyo vilivyostahili kuingia. Mtu huchangiwa kwa huruma pale ambapo kazi yake haijahesabiwa kuwa kazi.

Kwa Wajaluo jina si kibandiko. Liko jina la juogi, ambalo aliyekufa hulidai kwa njia ya ndoto, akitaka mtoto aitwe kwa jina lake ili asipotee. Anayeitwa huchukua sehemu ya mwitwa wa kwanza. Hakuna marehemu aliyemtokea Wanjau ndotoni. Jina alipewa na mchezo. Lakini alilichukua kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyoyachukua majina yao halali. Na hilo Ojwang' lenyewe, sikioni mwa msemaji wa Dholuo, liko jirani na kitenzi jwang'o, yaani kuacha, kutelekeza.

Majina ya kupewa na mamlaka nayo yana historia yake katika mwambao huu. Uwanja wa michezo uliofunguliwa Mamboleo mwaka 2021, kwa sherehe za Madaraka, unaitwa Jomo Kenyatta, mjini hapo hapo palipolia mwaka 1969. Katika uwanja huo, Oktoba 2025, umati ulikusanyika kuutazama mwili wa Raila Odinga. Wenyeji wengi husema tu kwamba wanakwenda Mamboleo. Jina walilopewa wameliacha kwenye ubao, na kicheko cha Ojwang' wamekiweka nyumbani. Inaelekea watu hujua kutofautisha jina lililowekwa juu yao na jina lililoazimwa kutoka kwao.

Wakati Vitimbi inachekwa, katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1987, nchi ilikuwa pia ikifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambayo David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliiandikia kitabu mwaka 1992. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasisitiza kwamba Mjaluo huzikwa kwao. Ukoo ulishinda, na mwezi Mei mwili ukapelekwa Nyalgunga, Siaya. Nchi ilijifunza siku hizo kwamba mtu ni wa pale atakapozikwa. Mzee Ojwang' alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi, Julai 2015. Hakuna ukoo wa mwambao uliokwenda mahakamani kuudai mwili wake, na familia ya Wanjau haikuhitaji wakili.