Hima ya Sayyidna Umar na mbuga zetu

Shule zetu za Kiislamu nazo siku hizi hupeleka wanafunzi Mikumi, na ni jambo jema. Mtoto wa Ilala aliyezoea kunguru na paka wa jalalani akiliona kundi la tembo, nusu ya somo la Tawhid imeshafundishwa. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Allah (s.w.) ametufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Kwa hiyo kuwatengea ardhi si mambo ya kizungu kama wanavyodai baadhi ya wazee wetu barazani.

Katika safari moja ya namna hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza: "Ustaadh, kabla ya hizi hifadhi, huku walikuwa wanakaa nani?"

Ndugu msomaji, kwa upande wa Serengeti jibu linajulikana. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi humo walitolewa, wakaahidiwa kuishi pamoja na wanyama Ngorongoro. Mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro walianza kuhamishiwa Msomera, Handeni. Serikali ilisema ni kwa hiari, wakazi wengi wakakanusha. Juni mwaka huohuo viliwekwa vigingi Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya.

Hoja ya serikali tusiibeze. Kwa takwimu zake, wakazi wa Ngorongoro walikuwa kama 8,000 mwaka 1959 na baadaye wakapita 100,000. Mifugo nayo imeongezeka, na nyasi ni zilezile. Mtawala ana haki ya kufunga malisho kwa maslahi ya wote. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu binafsi kujifungia malisho, lakini yeye mwenyewe aliweka hima, yaani eneo lililohifadhiwa, na Sayyidna Umar (r.a.) akaweka yake kule Rabadha kwa ajili ya wanyama wa dola.

Sasa tazama alivyoiendesha. Imo katika Sahih Bukhari kwamba alimweka Hunayy, mtumwa aliyeachwa huru, kuwa msimamizi. Akamwamrisha awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan (r.a.) awazuie. Kwa nini? Kwa sababu hawa wawili mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kurudia. Yule maskini yake ikifa, atakuja na watoto wake kwa Khalifa, na itabidi alishwe kutoka Baitul Mali. Umar aliona kutoa maji na nyasi ni rahisi kuliko kutoa dhahabu na fedha. Tena alikiri kwamba ardhi ile ni ya wale watu, na kwamba wao wanamwona amewadhulumu.

Sisi tumepindua utaratibu. Kwenye hima zetu anayeingia kwanza ni mwenye dola, na anayezuiwa ni mwenye mbuzi kumi. Tunaambiwa mtalii analeta fedha za kigeni, nami sikatai. Ila mtalii au mwindaji akikosa Loliondo, dunia ina mbuga nyingine. Mfugaji ana wapi?

Hapa kuna jambo sisi Waislamu tunalinyamazia. Tangu mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilipewa kampuni kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Likitajwa, wengi wetu huona ni chuki dhidi ya Waarabu na Uislamu (na chuki hiyo ipo kweli, magazeti mengine hayajifichi). Lakini Abdurrahman bin Auf na Uthman walikuwa nani? Ni miongoni mwa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo! Umar aliwataja kwa majina na kuwazuia. Kama udugu wa imani haukuwafungulia wao lango la hima, utamfungulia vipi mwindaji wa leo, ambaye hata hafuati malisho bali pembe na ngozi ya kutundika ukutani?

Wapo watakaosema Wamasai wengi si Waislamu, yao yanatuhusu nini. Hao wajiulize Hunayy aliambiwa aogope dua ya nani.