Maradhi, Mapenzi na Haki ya Kujua

MIAKA michache iliyopita nilikuwa nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo. Mwalimu mwenzangu alikuwa na filamu ya zamani ya Kihindi iitwayo Dil Ek Mandir, ya mwaka 1963. Jioni moja tuliitazama mpaka mwisho. Najua wapo watakaouliza ustaadh anatafuta nini katika filamu ambayo hata jina lake linataja hekalu. Ndugu msomaji, nivumilie kidogo. Filamu ile ilinikumbusha jambo ambalo bado linaninyima usingizi.

Kisa chake ni hiki. Ram ni mgonjwa wa saratani. Analetwa hospitali na mkewe Sita, aliyeigizwa na Meena Kumari. Daktari wa pale ndiye mwanamume aliyependana na Sita kabla hajaolewa. Ram anapoligundua hilo, anamwambia mkewe kuwa yeye akifa, basi aolewe na daktari yule. Sita anaumia sana. Daktari naye anajitolea usiku na mchana kumwokoa Ram. Upasuaji unafanikiwa, lakini daktari mwenyewe anakufa.

Wenzangu wote walimsifu Ram. Walisema hayo ndiyo mapenzi ya kweli, mtu anakufa huku anamfikiria mwenzake. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa namfikiria binti mmoja wa Ngara.

Nikah ya binti huyo niliifungisha mimi. Siku nne kabla yake, bwana harusi alinijia baada ya swala ya Isha, akaniambia kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi, na kwamba vidonge alikuwa anavimeza leo, kesho anaviacha, kwa kuogopa kuonekana kliniki. Akaniomba: "Ustaadh, nisitiri, na Allah akusitiri." Nilimpa nasaha kuhusu dawa, nikamwombea dua, nikanyamaza. Nilijiambia kuwa siri ni amana. Siku ya siku nikasoma khutba, nikawataka watu waitikie amina, nikala pilau.

Ulipopita mwaka, binti yule alikuja nyumbani na shangazi yake. Alikuwa mjamzito, na kipimo cha kliniki ya wajawazito kilikuwa kimemweleza yaliyobaki. Hakulia wala hakutukana. Aliniuliza neno moja tu: "Ustaadh, ulikuwa unajua?"

Kagera si mahali pa kusingizia ujinga katika suala hili. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na wazee wanakumbuka maradhi hayo yakiitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo. Kila ukoo una makaburi yake. Leo, alhamdulillah, hali ni tofauti. Mwenye virusi anayetumia dawa ipasavyo mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa, na mama anayetumia dawa anaweza kuzaa mtoto mzima. Mtoto wa binti yule alizaliwa salama. Kwa hiyo sisemi kwamba mgonjwa asioe. Anayo haki ya kuoa kama mimi na wewe.

Swali langu ni jingine: je, mapenzi, au sitara, yanahalalisha kuficha?

Watetezi wa kunyamaza wana hoja nzito, kwani Uislamu umehimiza kusitiriana, na unyanyapaa upo. Lakini sitara ni ya aibu ya mtu iliyo baina yake na Mola wake. Haiwi ngao ya madhara yanayomwendea mwingine. Fatima bint Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), naye akamweleza wazi kasoro za wote wawili: mmoja hana mali, mwingine ni mkali kwa wake zake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Ikiwa hata ufukara ulitajwa ili mwanamke aamue akiwa na habari kamili, itakuwaje maradhi ya kuambukiza? Na katika madhehebu ya Shafi, ukoma na wazimu ni miongoni mwa kasoro zinazompa mwanandoa hiari ya kuivunja ndoa. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 nayo inamtaka aliyepimwa na kukutwa na virusi amweleze mwenzi wake mara moja.

Sasa turudi kwa Ram. Kwa hakika anatofautiana sana na bwana harusi wangu, kwa kuwa yeye anatoa na yule alichukua. Lakini kosa lao lina mzizi mmoja: wote wawili walimwamulia mwanamke. Ram alimgawa mkewe kama anayeandika wasia wa shamba, ndiyo maana Sita akaumia. Tofauti na Abu Salama (r.a.). Imepokewa kuwa mkewe, Ummu Salama, ndiye aliyeanza kulizungumza suala la kuolewa baada ya kufiwa. Mumewe akamwambia aolewe, akamwombea apate mume bora kuliko yeye. Jeraha la Uhud lilipomuua Abu Salama, na eda ikaisha, Mtume (s.a.w.) alimposa. Hata hapo Ummu Salama alieleza kwanza udhuru wake: wivu wake, umri wake na watoto wake. Hakuficha kitu, na ndoa ikafungwa.

Sidai kwamba ustaadh atangaze siri za watu msikitini, la hasha! Mwenye kusema ni mwenye maradhi. Lakini ulimi wa kufungisha nikah ni wangu, na ninaweza kuuzuia. Siku hizi kijana akinijia na siri ya namna hiyo, namuuliza kama mwenziwe anajua. Akisema hajui, namwambia nitamsindikiza akamweleze, na kama hataki, atafute mwingine wa kumwozesha. Na wote wanaokuja kwangu nawashauri wakapime pamoja kabla ya kupanga tarehe.

Yule binti wa Ngara nilimjibu kweli, kwamba nilijua. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu mpaka leo, na sioni kama nina haki ya kumdai jibu.

Wallahu a'lam.