Baraka Hupokewa Kabla ya Kutolewa

Ndugu zetu Waislamu, watu wa miji yetu hii wapenda mno kutafuta baraka. Mgonjwa huandikiwa kombe, msafiri husomewa Fatiha, na mtoto hupelekwa kwa mzee akawekewa mkono kichwani. Hatusemi kwamba kuombeana dua ni vibaya. Kuombeana ni katika dini. Tusemalo ni hili: huyo aendewaye, yeye mwenyewe amepokea nini kwa Mola wake, na alichopokea amekifanyia nini?

Itazameni Suratudh-Dhuha, sura ya aya 11 iliyoteremka Makka, ambayo hata watoto wa chuoni waihifadhi. Mwenyezi Mungu amkumbusha Mtume wake (s.a.w.) kwanza yale aliyomtendea: alikuwa yatima akampa makao, hakuwa akiijua njia akamwongoa, alikuwa fukara akamtosheleza. Baada ya hayo, wala si kabla, ndipo yajapo maamrisho: yatima asionewe, mwombaji asikaripiwe, na neema ya Mola itajwe. Aamrishwaye kutoa amehesabiwa kwanza alichopewa.

Na Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Masuud (r.a.) kwamba safarini maji yaliwapungukia, Mtume akatia mkono wake katika chombo chenye maji machache, yakabubujika baina ya vidole vyake. Akawaita watu waje kwenye maji yale, na papo hapo akawafahamisha kuwa baraka yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Basi ikiwa yeye hakujinasibishia baraka ile, hawa wauzao kombe kwa pesa (na mwenye shida zaidi ndiye atozwaye zaidi) wajinasibishia kwa hoja gani?

Lakini tusiwalaumu wao peke yao. Sisi wenyewe siku moja tulitoka darasani, tumekwisha kuifasiri sura hii hii, na mlangoni pa msikiti mzee mmoja akatushika kanzu akiomba. Tulikuwa na haraka, tumealikwa chakula, tukamkaripia. Akatutazama, akatuombea heri sisi na wazazi wetu, akenda zake. Chakula kile hakikutupita kooni. Ijumaa ya pili tulimngoja pale mlangoni hatukumwona, wala ya tatu. Tumewauliza makuli na wauza kahawa wa mtaa, hawana khabari naye. Yeyote amjuaye, twamwomba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu atwambie alipo.