Tundu la Msumari



Juu ya meza yetu, tunapoandika maneno haya, lipo bakuli la mti. Si la kulia chakula wala la kukandia unga. Ni bakuli la pambo, upana wake shubiri moja, rangi yake hudhurungi yenye michirizi kama asali. Karibu na ukingo lina tundu dogo jeusi. Juu ya tundu hilo tunataka kuzungumza nanyi mwezi huu.

Wote tunaona jinsi Kariakoo inavyobadilika. Zile nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku na ua nyuma, zinabomolewa na maghorofa yanapanda. Nyumba moja ya namna hiyo, ambamo tulipanga chumba tulipotoka chuo cha ualimu, nayo ikabomolewa. Tulipita tukakuta mbao zake zimelundikwa njiani, na mwenye mkokoteni akatuambia zinakwenda kuwa kuni. Tukautambua mti wa mlango wa mbele, ule tulioupita kila asubuhi tukienda kufundisha. Ulikuwa mninga. Tukanunua vipande viwili, tukavipeleka Gerezani kwa fundi mmoja anayekereza mbao.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. Tukaitikia marahaba, wala hatukujiuliza amejuaje kwamba sisi ni mwalimu. Katika mji huu mtu aliyefundisha miaka thelathini na zaidi huamkiwa na wengi.

Tuliketi pale kwake siku mbili tukitazama kazi. Jambo la kwanza hakushika msumeno wala randa, bali alichukua sumaku akaipitisha polepole juu ya mti, upande kwa upande. Alikuwa akitafuta misumari. Msumari ukisahaulika ndani, huvunja makali ya chombo, na kwa kuwa mti huzunguka kwa kasi, waweza kumjeruhi fundi mwenyewe. Akaipata mitatu, yote ina kutu, akaing'oa. Kisha akaviunga vile vipande kwa gundi, akavibana, akaviacha mpaka kesho yake.

Siku ya pili alikata pembe mti ukawa karibu na duara, akaufunga kwa parafujo kwenye sahani ya chuma ya mashine. Alijifunga kitambaa puani, maana vumbi la mninga husumbua kifua. Alianza na umbo la nje, kisha akaugeuza akachimba ndani kwa bobari, toka ukingoni kwenda katikati, kidogo kidogo. Tulimwona hatumii nguvu nyingi. Alipomaliza akasugua kwa msasa mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, akapaka mafuta, na mwisho nta ya nyuki. Wazee wetu walisugulia majani ya mti uitwao msasa, ndiyo maana karatasi ile ya dukani imeitwa jina hilo.

Tukamwuliza kama mti wa zamani hauna taabu. Akajibu, "Mwalimu, mti mbichi waweza kupasuka hata baada ya kazi kwisha. Huu matata yake umeyamaliza zamani."

Tukaliona lile tundu, na doa jeusi la kutu kulizunguka. Tukamwomba alizibe kwa gundi na unga wa mbao. Akasema, "Naweza. Lakini doa limeingia ndani, kiraka kitaonekana. Msumari nimeutoa. Tundu liache."

Tulipokuwa tukimlipa ndipo akasema, "Mwalimu, hukunikumbuka." Akataja jina lake, na shule, na darasa la sita mwaka 1996.

Ndugu, tulimkumbuka. Alikuwa mtoto aliyekata madawati kwa wembe. Alichora ndege na samaki pembeni mwa dawati badala ya kufanya hesabu. Tulimchapa mara nyingi. Mwisho tukaandika katika ripoti yake neno moja, "Hafai," tukamrudisha nyumbani aje na mzazi. Hakurudi tena, nasi hatukumfuata.

Fundi akatuambia, "Mama hakujua kusoma. Ripoti ile nilimsomea mimi."

Tulisimama pale hatuna neno. Kisha tukamwomba msamaha, kwa sauti, mbele ya kijana wake wa kazi. Alikaa kimya, akafuta vumbi mezani. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Akalifunga bakuli katika gazeti, akatupa. Hakusema amesamehe. Nasi hatukuwa na haki ya kumdai aseme.

Tangu siku ile tumesoma mara nyingi Waraka kwa Filemoni, ambao ni mfupi, sura moja tu. Mtakumbuka habari za Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake, na jina lake maana yake ni mwenye kufaa. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Filemoni kwamba mtu yule aliyekuwa hana faida kwake zamani, sasa anawafaa wote wawili. Tazameni alivyofanya Paulo. Hakusema kwamba hapakuwa na kosa. Alisema kama kuna deni liandikwe juu yake, naye atalilipa. Alikubali kulipa gharama ya neno "anafaa". Sisi tuliandika "hafai" bila kulipa chochote, na aliyelipa ni mtoto wa watu.

Jambo la pili ni lile tundu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 20, Bwana wetu amefufuka, kifo kimeshindwa, lakini alama za misumari zimo mikononi mwake. Hakuzificha. Alimwonyesha Tomaso. Basi msidhani kwamba msamaha ni kufanya kana kwamba jambo halikutokea. Msumari hung'olewa kwa toba, na tundu hubaki. Mwenye tundu asilazimishwe kulificha ili sisi tuliopigilia msumari tupate raha.

Kanisa letu linajua siri hii ya mti. Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake Chuma na Susi waliuzika moyo wa Livingstone mwaka huohuo. Soko halikusahauliwa pale, bali Altare ilisimamishwa juu ya mahali pale pa mateso. Na hata jina la Kariakoo yetu latokana na Kikosi cha Wapagazi wa Vita ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo na wengi wakafa bila hata kaburi lenye jina.

Basi tuseme nini? Kwanza, tuwatazame vijana wanaolala barazani kwetu na wanaosukuma mikokoteni Mtaa wa Msimbazi, na tusiseme "hafai" kabla hatujatafuta msumari uliowaingia. Fundi alituambia ukweli kwamba mbao nyingine zimeliwa na mchwa, hazina dawa ila kuwa kuni. Lakini mwanadamu si mbao, na Kristo hakutupa ruhusa ya kumpeleka mtu yeyote kwenye kuni.

Pili, wazee wenzetu, walimu, wazazi na viongozi, kila mmoja ajiulize ni nani aliyemwandikia neno kama lile. Aende kwake angali hai. Asiende kudai kusamehewa. Aende kukiri, na akijibiwa "nimesikia" tu, ashukuru.

Bakuli hili tutalileta kanisani Sikukuu ya Mavuno. Tumewaomba wanaopamba waliweke upande wa tundu ukitazama watu. Na fundi tumemwalika. Hajasema kama atakuja. Mwombeeni, na mtuombee na sisi.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote. Amina.