Uso wa Mgombea Mgongoni mwa Mkulima

Mtu avaapo nguo yenye uso wa mtu mwingine husema neno ambalo kinywa chake hakikulitamka. Husema kuwa mtu yule ni wake, au kuwa yeye ni wa mtu yule. Wenye hekima wa kale waliuliza kama kiapo kilichotoka ulimini pasipo kupita moyoni humfunga mwenye kuapa. Swali hilo laweza kuulizwa juu ya nguo pia, na mahali pa kuliulizia ni wilaya mbili za mkoa wa Lindi, Nachingwea na Ruangwa, ambako msimu wa kura na msimu wa korosho hukutana.

Uchaguzi mkuu wa Tanzania hufanyika mwezi wa Oktoba, na korosho huanguka wakati huohuo. Fulana iliyogawiwa mkutanoni Jumapili huonekana shambani Jumatatu. Maji ya mabibo, ambayo yakishika nguo hayatoki kwa sabuni, huchora juu ya uso wa mgombea alama ambazo mchapaji hakuzikusudia. Mwaka ufuatao, miti inapopulizwa salfa, fulana ileile, sasa imepasuka mabegani, yaweza kufungwa puani ili kuzuia vumbi lisiingie kifuani. Kazi hiyo huifanya vema, yamkini kuliko ile iliyotengenezewa.

Desturi ya kuvaa watawala haikuzaliwa Lindi. Huko Marekani ni kongwe sawa na urais wenyewe. George Washington alipoapishwa mwaka 1789, watu walitia katika makoti yao vifungo vya shaba vyenye herufi za jina lake na maneno ya kumtakia maisha marefu. Mwaka 1840 wafuasi wa William Henry Harrison walichapa kibanda cha magogo katika leso na vyombo vya mezani ili mtu wao aonekane maskini, ingawa alizaliwa katika jumba la ukoo wenye mashamba makubwa. Mwaka 1896 McKinley na Bryan waliposhindana, beji za selulodi zilienea kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1976 palikuwa na vipini vidogo vya umbo la karanga kwa heshima ya Jimmy Carter, mkulima wa zao hilo. Jambo ambalo mzee wa Nachingwea angelicheka, kwa sababu zitakazosemwa mbele. Tangu 2015 Donald Trump ameuza kofia nyekundu. Picha aliyopigwa katika jela ya Fulton, Georgia, mwezi wa Agosti 2023, ilichapwa na kampeni yake mwenyewe katika vikombe na fulana, ikauzwa.

Ikauzwa: neno hili lina uzito. Kwa sheria ya Marekani, bei alipayo mtu kwa kofia katika duka la kampeni huhesabiwa kuwa mchango wake kwa mgombea. Kitu chenyewe chaweza kuwa cha upuuzi, na aghalabu ni cha upuuzi, lakini mwenye kukivaa amepungukiwa na kitu kwa ajili yake. Upungufu huo ndio ushahidi wa moyo wake.

Afrika ya Mashariki iliona pande zote mbili za jambo hili katika mwaka mmoja. Mwezi wa Februari 2008 George W. Bush alipozuru Tanzania, wachezaji wa ngoma walimpokea Dar es Salaam wakiwa katika vitambaa vyenye uso wake. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Barack Obama alichaguliwa, na ikatoka kanga yenye picha yake na maneno ya kumpongeza. Vile vya kwanza vilikuwa mavazi ya mapokezi, sehemu ya heshima za mgeni. Kanga ilitandazwa dukani pamoja na kanga nyingine, na mwanamke aliyeitaka alifungua pindo akatoa fedha. Hakuna aliyemwomba kura, na hakuwa na kura ya kumpa. Pengine furaha yake ilikuwa safi kwa sababu hiyo hasa.

Zamani siasa ya nchi hii ilifuata njia ya kanga. Kadi ya TANU, chama kilichoasisiwa mwaka 1954, ilinunuliwa, na aliyeinunua aliiweka mahali pa hati zake. Baadaye fedha ziligeuka mwendo, zikatoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, kwa hoja kwamba kumkirimu mgeni ni mila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliibatilisha ruhusa hiyo, kwa kuwa ilimpendelea mgombea tajiri juu ya maskini. Mwaka 2010 ikaja sheria ya kuwekea mipaka gharama za uchaguzi. Hoja ya mila ilikuwa dhaifu tangu mwanzo: mwenyeji amkirimuye mgeni hamchapi uso wake mgongoni.

Je, apokeaye fulana na kumchagua mwingine ni mwongo? Wako wasemao ndiyo, nao si wajinga. Husema jirani aliyeiona fulana amedanganywa, na kuwa desturi ya kuvaa usichokiamini huzoeza moyo kusema usichokiamini. Hoja hii ingemshinda mtu mwenye mashati kumi. Mwenye shati moja haambii dunia neno lolote anapovaa la pili, anajisitiri. Kumpa mtu huyo nguo kwa sharti la kimoyomoyo ni kufanya uhitaji wake kuwa ulimi wa mwingine, na dhambi ya maneno yasemwayo na ulimi ule ni ya aliyeukodi. Kura ni ya siri ili mkono upokeao mchana uwe huru mbele ya sanduku.

Watu wa Nachingwea wana ujuzi wa kale katika kutumia mabaki ya ahadi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa miongoni mwa mahali palipoteuliwa. Misitu ilisafishwa kwa mitambo, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Waliobaki walilima walichoweza katika ardhi iliyokatwa kwa ajili ya ndoto ya wengine, wala hakuna aliyewaita wanafiki kwa kuwa hawakuiamini ndoto ile.

Liko, hata hivyo, dhara ambalo uhodari huu hauliponyi. Fulana za upande wenye fedha zikijaa kijijini, yule aliyenunua yake ya upande mwingine kwa fedha za korosho huiona barabara nzima kuwa adui, kumbe nusu ya wale awapitao wamejisitiri tu kama anavyojisitiri yeye. Huirudisha yake ndani. Naye mgombea apitaye kwa gari kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea huziona nyuso zake mashambani, akazihesabu, asijue kuwa mmoja aliyemwamini kweli ameikunja fulana yake sandukuni isiguswe na mabibo.